Joto, Kiunzi na Goti la Bibi

Mhariri aliponiomba niandike chochote kwa ajili ya gazeti letu la mwaka huu, nilitaka kutunga shairi kama ilivyo kawaida yangu. Lakini nina deni, tena deni la maneno, ambalo haliwezi kulipwa kwa vina na mizani. Nilifasiri karatasi moja mbele za watu, na aliyeumia si mimi, ni bibi yangu mzaa baba. Kwa hivyo naomba mniazime masikio nieleze jambo la sayansi kwa Kiswahili chetu hiki hiki, safari hii polepole na kwa ukweli. Wahenga hawakukosea waliposema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Ilikuwa likizo ya Desemba, nami nilikuwa nyumbani Kwale, upande wa Shimoni. Bibi yangu ana umri wa miaka 71. Kwa miaka zaidi ya 40 amekuwa mama karanga: hununua samaki na kamba ufuoni, huwabeba kichwani hadi nyumbani, kisha huchutama mbele ya karai la mafuta kuanzia alasiri mpaka giza liingie. Magoti yake yamechoka. Asubuhi akitaka kuinuka kitandani hushika ukuta kwanza, nayo magoti hulia kwa-kwa-kwa kama mlango mkuukuu. Daktari alikuwa amemwambia kwamba gegedu la magoti limelika, akamfundisha mazoezi ya miguu na kumpa tarehe ya kurudi kliniki.

Siku hiyo sokoni tulimkuta mchuuzi mwenye kipaza sauti juu ya gari. Alikuwa akiuza mikanda ya kufunga gotini, ile inayochajiwa kama simu kisha ikatoa joto. Kila mkanda ulikuja na karatasi ya Kiingereza yenye picha ya goti lililopasuliwa katikati. Bibi akaichukua ile karatasi akanipa.

"Haya, mume wangu," akasema, kwani ndivyo anitaniavyo tangu nikiwa mdogo kwa sababu nimepewa jina la marehemu babu. "Wewe ndiye uliyesoma. Hebu nisomea, hapa wanasema nini?"

Nikakohoa kidogo, nikajitia umbuji. Karatasi ilidai kuwa wanasayansi wa ng'ambo wamegundua kwamba joto la wastani huamsha seli za gegedu, nazo seli zikiamka hujenga. Nikaipaza sauti kama niko jukwaani siku ya mashindano ya ulumbi: "Bibi, wanasema joto hili huotesha gegedu upya!" Watu waliokuwa karibu wakasogea kusikiliza. Wawili wakatoa pesa palepale, mama mmoja na mzee mmoja. Bibi akafungua pindo la leso, akahesabu shilingi 4,500 alizopata ilipofika zamu yake kwenye chama cha akina mama. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo naijua tangu darasa la nne, lakini siku hiyo haikunijia.

Niliporudi likizo ya Aprili nilimkuta bibi anatembelea fimbo.

"Shikamoo bibi. Kwani daktari alisemaje?"

"Marahaba. Daktari gani? Sijarudi huko. Si wewe mwenyewe ulinisomea kwamba litaota? Nangojea liote."

Kumbe hata mazoezi ameyaacha, ati asije akalisumbua lile gegedu changa. Jamani, maneno hayo yalinikata maini.

Shule zilipofunguliwa nilimwendea mwalimu wetu wa Bayolojia nikampa ile karatasi. Aliisoma mara mbili, akaikunja. "Haikudanganya kila kitu," akaniambia. "Imedanganya kwa kunyamaza. Kuna neno moja la kweli hapa, na mengine kumi ya kweli wameyaacha nje. Nenda kayatafute hayo kumi." Nilitumia muhula mzima kuyatafuta, maktabani na kwenye chumba cha kompyuta. Haya ndiyo niliyoyapata.

GEGEDU NI NINI?

Ukila paja la kuku, ukafika mwisho wa mfupa, utaona kitu cheupe kinachong'aa, kinachoteleza, na ambacho wengine hupenda kukitafuna kachu kachu. Hilo ndilo gegedu. Katika goti la binadamu gegedu limefunika ncha za mifupa kama rangi ilivyofunika ukuta, na unene wake kwa kawaida ni milimita 2 hadi 4 tu. Lakini usilidharau. Linabeba uzito wako wote unaporuka kuchukua mpira, na mifupa miwili iliyofunikwa nalo huteleza kuliko vipande viwili vya barafu vikisuguana.

Siri yake ni maji. Kati ya asilimia 65 na 80 ya gegedu ni maji, yaliyonaswa ndani ya wavu wa nyuzi za protini iitwayo kolajeni. Ni kama sifongo iliyolowa: ukiikanyaga hutoa maji, ukiiachia huyanyonya tena. Ndani ya wavu huo wamekaa mafundi, yaani seli za gegedu. Mafundi hawa ni wachache mno. Kwa ujazo hawafiki hata asilimia 5 ya gegedu lote. Kila mmoja anakaa peke yake katika kijumba chake, mbali na jirani.

Sasa hapa ndipo pana shida. Ukijikata kidole, damu hufika upesi. Damu ndiyo barabara: huleta seli za kujenga, chakula na vifaa, na baada ya siku chache kidonda kimefunga. Gegedu halina mshipa hata mmoja wa damu. Chakula cha mafundi wake hupenya polepole kutoka kwenye ute wa kiungo, nao ute huo huingia na kutoka kadiri unavyotembea na kulibana lile sifongo. Wala gegedu halina mishipa ya fahamu, kwa hivyo likianza kulika hulii wala hushtuki. Maumivu huja baadaye, wakati sehemu nyingine za kiungo, hasa mfupa ulio chini yake, zimeshadhurika. Bandu bandu huisha gogo, na mwenye gogo hana habari.

Jambo hili si geni. Mwaka 1743 tabibu mmoja aliyeitwa William Hunter aliwaeleza wataalamu wenzake mjini London kwamba gegedu likishaharibika halirudi. Tangu hapo madaktari wamekuwa wakijaribu kuibatilisha hukumu hiyo. Hawajaibatilisha bado, lakini wameitia nyufa.

SELI ZILIZOSAHAU LUGHA

Ufa mmoja mkubwa ulitokea Gothenburg, nchini Sweden. Mwaka 1987 madaktari wa huko walianza kumtoa mgonjwa kipande kidogo cha gegedu zima kutoka pembeni mwa goti lake, wakazilea seli zake maabara kwa wiki mbili tatu hadi zikawa nyingi, kisha wakazirudisha katika shimo lililokuwa kwenye gegedu la mgonjwa huyo huyo. Mwaka 1994 Mats Brittberg, Lars Peterson na wenzao walitangaza matokeo ya wagonjwa 23, wenye umri wa miaka 14 hadi 48. Ndiyo, wa miaka 14, rika letu! Katika wale 16 waliokuwa na shimo kwenye ncha ya mfupa wa paja, 14 walikuwa na hali nzuri au nzuri sana baada ya miaka miwili. Lakini kati ya 7 waliotibiwa nyuma ya pia ya goti, ni 2 tu waliofika kiwango hicho.

Basi kazi imekwisha? La hasha! Seli za gegedu zina tabia moja ya ajabu. Ukizilea kwenye sahani bapa ya maabara hulala chali, hujinyoosha, na baada ya muda huacha kutengeneza ile kolajeni maalumu ya gegedu. Badala yake huanza kutengeneza kolajeni ya kawaida, kama ile ya kovu. Mimi naona ni kama mtoto aliyepelekwa mbali na kwao akiwa mdogo: mwili ni wake, damu ni ya kwao, lakini lugha ameisahau. Jambo la kutia moyo ni kwamba lugha hiyo yaweza kurudi. Mwaka 1982 watafiti wawili wa Marekani walionyesha kuwa seli hizo zikitolewa kwenye sahani bapa zikatiwa ndani ya jeli inayotokana na mwani, huwa mviringo tena na kuanza upya kutengeneza kolajeni yao ya asili. Kilichozirudishia lugha ni nyumba ya kukaa, yenye juu, chini na pande zote.

KIUNZI

Nyumba hiyo ndiyo ninayoiita kiunzi. Nyote mmewahi kuona nyumba ya udongo ikijengwa kwetu pwani. Kwanza husimamishwa nguzo na kufungwa fito, kisha udongo hukandikwa juu yake. Udongo bila fito utaanguka ukawa chungu tu. Kiunzi cha gegedu ni fito za namna hiyo, ila ni laini, kina vitundu vidogo vidogo vya seli kukaa na chakula kupita, na kimetengenezwa kwa kitu ambacho mwili haukikatai. Tofauti ni moja: fito hizi zinatakiwa ziyeyuke zenyewe kidogo kidogo ukuta unapozidi kukauka. Zikiyeyuka mapema, ukuta utaporomoka. Zikichelewa, zitamzuia fundi kujenga.

Pengine umewahi kuona picha ya panya aliyeonekana kuota sikio la binadamu mgongoni. Watu wengi waliogopa wakadhani ni uchawi. Ilikuwa kazi ya Charles Vacanti na wenzake nchini Marekani, waliyoichapisha mwaka 1997. Walifinyanga kiunzi chenye umbo la sikio, wakakitia seli za gegedu la ng'ombe, wakakipandikiza chini ya ngozi ya panya ili kipate lishe. Halikuwa sikio la kusikia. Lilikuwa gegedu lenye umbo la sikio, na lilithibitisha kwamba seli zikipewa kiunzi hufuata umbo la kiunzi.

Leo viunzi hutengenezwa kwa vitu vingi: kolajeni, hariri, mwani, hata plastiki maalumu zinazoyeyuka mwilini. Mwezi wa Desemba 2016 Marekani iliidhinisha tiba ambamo seli za mgonjwa hupandwa juu ya utando mwembamba wa kolajeni, kisha utando huo hukatwa kwa kipimo cha shimo na kubandikwa gotini. Kolajeni hiyo hutoka kwa nguruwe, na najua wasomaji wengi wa kwetu wangetaka kuambiwa hilo mapema kabla ya kukubali.

Lakini kilichonifurahisha zaidi ni kitosani. Unajua inatoka wapi? Kwenye maganda ya kamba na kaa! Maganda yale yale ambayo bibi amekuwa akiwatupia kuku kwa miaka 40.

KAZI NNE ZA JOTO

Sasa tuje kwenye neno lenyewe lililonitia matatani, yaani joto. Karatasi ya mchuuzi ilizungumza kana kwamba joto lina kazi moja. Mimi nimezihesabu nne, na ni muhimu tusizichanganye.

Kazi ya kwanza ni kutuliza. Bibi zetu wameijua tangu kale, ndiyo maana hukanda kwa maji moto au kwa mchanga uliokaangwa ukafungwa kitambaani. Joto hulegeza misuli, hupunguza ukakamavu wa kiungo, nalo husaidia ubongo usisikie maumivu kwa ukali. Hiyo ni kweli kabisa, na mkanda wa mchuuzi ulimfanyia bibi kazi hiyo. Usiku alikuwa akipata usingizi. Lakini kutuliza si kuotesha.

Kazi ya pili ni kugandisha kiunzi. Supu ya makongoro ikipoa huganda kama jeli, ukiipasha moto huwa maji tena. Mwaka 2000 watafiti wa Montreal, Kanada, waliandika kuhusu mchanganyiko wa kitosani na aina ya chumvi wenye tabia ya kinyume: ukiwa baridi ni maji, ukifikia joto la mwili, nyuzi 37, huganda. Hebu fikiria faida yake. Daktari hana haja ya kulipasua goti lote. Anaweza kuingiza maji hayo kwa sindano, yakajaza shimo la umbo lolote, kisha joto la mgonjwa mwenyewe likayageuza kuwa kiunzi. Ndugu wa jeli hiyo, aliyechanganywa na damu ya mgonjwa ili kuishikilia mahali pa kidonda, alijaribiwa kwa wagonjwa 80 na matokeo kutangazwa mwaka 2013. Picha za MRI baada ya mwaka mmoja zilionyesha kwamba mashimo yaliyowekewa kitosani yalijaa vizuri zaidi kuliko yale ya waliopasuliwa bila hiyo. Lakini maumivu yalipungua kwa wote kwa kiasi kilekile. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi. Hata tiba ya kweli, iliyopimwa na kuhesabiwa, haikujisifu kwa kila jambo.

Kazi ya tatu ni kutuma habari, na hapa ndipo lilipotoka lile neno moja la kweli. Goti lililopumzika ni baridi kuliko mwili mwingine, kama nyuzi 32 au 33 hivi ndani yake. Ukikimbia kwa muda, hupanda hadi nyuzi 37 au karibu na hapo, kwa sababu ya misuli, damu na ule msuguano wa ndani wa sifongo linalobanwa na kuachiwa. Seli za gegedu zinaihisi tofauti hiyo. Juu ya ngozi yake seli ina vijilango, na kimojawapo kinaitwa TRPV4. Hufunguka kwa uvuguvugu na pia seli inapovutwa. Ndugu yake, TRPV1, ndicho kinachotufanya tuhisi pilipili inachoma. Aliyemgundua mwaka 1997, David Julius, alishiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021. Kijilango cha TRPV4 kikifunguka, kalsiamu huingia ndani ya seli, nayo seli huchukulia hiyo kama amri ya kufanya kazi.

Tena joto likipanda kidogo kuliko kawaida, seli huita walinzi. Habari hiyo ilianza kwa bahati tu nchini Italia. Mtu fulani maabara aliongeza joto la kabati la kulelea inzi wa matunda, na Ferruccio Ritossa alipotazama kromosomu zao akaona zimevimba mahali ambapo hapakuwa na uvimbe. Jarida moja lilimkatalia, likaona jambo hilo halina maana. Likachapishwa kwingine mwaka 1962. Baadaye ilijulikana kwamba uvimbe ule ulikuwa dalili ya seli kutengeneza protini za mshtuko wa joto. Protini hizi ni kama wapambe wa bwana harusi: huzishika protini nyingine zisivurugike vazi, na iliyojikunja vibaya huisaidia kujinyoosha. Huko Lausanne, Uswisi, kuna watafiti wanaolea seli za gegedu ndani ya kiunzi, wakakibana na kukiachia kama hatua za mtu anayetembea, huku wakipandisha joto taratibu kama linavyopanda gotini. Wameona kwamba joto na mbano vikienda pamoja seli hufanya kazi ya gegedu vizuri zaidi.

Kazi ya nne ni kuua. Ndiyo, kuua. Seli za gegedu zikipashwa kupita kiasi hazivumilii. Kufikia nyuzi 50 na zaidi hufa kwa wingi hata kwa muda mfupi. Katika miaka ya 1990 madaktari wa nchi tajiri walitumia vifaa vya umeme kulainisha gegedu lililochanika, na kwa macho kazi ilipendeza, gegedu likang'aa. Walipokuja kulipima kwa darubini ikaonekana kwamba seli nyingi chini ya mng'aro ule zilikuwa zimekufa.

WALIPONYAMAZA

Haya, tuirudie ile karatasi. "Joto la wastani huamsha seli za gegedu." Ni kweli. Lakini maabara kuna seli nyingi zilizolelewa, kuna kiunzi cha kuzishika, kuna mbano uliopimwa, na kuna joto linalopimwa kwa kipimajoto kwa muda maalumu. Karatasi ilichukua joto peke yake ikayaacha mengine yote. Ni kama mtu akuambie nazi hufanya wali utamu, nawe ukachemsha tui tupu bila mchele ukasubiri wali.

Zaidi ya hayo, gegedu la bibi halina shimo moja dogo lenye gegedu zima pembeni. Limelika eneo kubwa, na mahali limekwisha hadi mfupani hamna fundi wa kuamshwa. Tiba za seli na viunzi nilizozieleza, hata zile zilizoidhinishwa, kwa kawaida ni za mashimo yaliyotokana na kuumia, kwa mfano kijana aliyeanguka mpirani. Si za goti lililochakaa lote kwa uzee. Kwa goti kama hilo, madaktari husisitiza mambo ambayo hayana kipaza sauti: mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja, kupunguza uzito kwa aliyezidi, dawa za maumivu anazoandika daktari, na hali ikizidi, upasuaji wa kuweka goti la bandia, ambao hata hapa Kenya hufanywa.

NILIVYOLIPA DENI

Likizo ya Agosti nilimketisha bibi kibarazani. Nilikuwa na sifongo, bakuli la maji na ganda la kamba. Nikaibana sifongo mbele yake, nikaiachia, nikamweleza yote haya. Hakunikatiza. Nilipomaliza akatazama baharini.

"Kwa hivyo hakitaota kitu?"

"Hakitaota, bibi."

"Na siku ile mbona hukunambia hivyo?"

"Sikujua, bibi. Nilisoma kitu nisichokielewa, nikaona aibu kusema sielewi."

Akanyamaza tena. Nilidhani atanigombeza kwa zile shilingi 4,500. Badala yake akauliza swali ambalo sikulitegemea hata kidogo: "Na wale wawili walionunua kwa sauti yako?"

Msomaji, hapo nilikosa pa kuuficha uso.

Siku ya soko iliyofuata tulikwenda pamoja, yeye na fimbo yake, mimi nikimshika mkono. Yule mama tulimpata. Anauza mboga karibu na stendi ya matatu. Nilimweleza kwa Kiswahili rahisi, bila umbuji. Alinitazama, akacheka kidogo kwa uchungu, akasema, "Mwanangu, afadhali umerudi." Yeye pia alikuwa ameacha kwenda hospitali.

Bibi amerudi kliniki. Kila asubuhi hukaa kitini akaunyosha mguu mmoja mbele, akahesabu hadi kumi, kisha wa pili. Mkanda hakuutupa. Usiku huufunga juu ya kitambaa kwa dakika chache ili apate nafuu, na huuvua kabla ya kulala usije ukamuunguza ngozi. Fimbo bado anayo, ila sasa nyumbani huiacha mlangoni. Na maganda ya kamba hayatupi tena bila kunitania: "Mume wangu, njoo uchukue dawa yako."

Kwenu wanachama wenzangu nina ombi. Sisi tukipewa karatasi ya lugha ya kigeni huwa tunaona fahari kuifasiri haraka haraka, maneno yapendeze masikioni. Kabla hujafungua kinywa, jiulize: jambo hili limejaribiwa kwa nani, kwenye sahani ya maabara, kwa mnyama au kwa mtu? Lilihitaji nini kingine ambacho hakikutajwa hapa? Na mimi mwenyewe nimeelewa? Kama hujaelewa, sema hujaelewa. Kuuliza si ujinga, na ulimi, tofauti na goti, hauna mfupa wa kuuzuia.

Yule mzee wa pili hatujampata. Alikuwa mrefu, amevaa kofia nyeupe na kikoi cha buluu, na alikuwa akichechemea mguu wa kushoto. Watu wanasema huja sokoni mara moja moja kutoka upande wa Vanga. Ikiwa ni jamaa yako au jirani yako, tafadhali msomee ukurasa huu, kisha umsindikize kwa daktari.

Hapa naiweka kalamu chini.